Takwimu za Wimbo Zifunguliwe Mbele ya Wote

Studio nyingi za Nairobi, takwimu za wimbo hukaa kwenye simu ya mtu mmoja. Mara nyingi ni mwimbaji au meneja wake, maana chaneli ya YouTube ni yao. Prodyusa, mpiga gitaa na mtunzi wa mashairi huambiwa tu kwamba wimbo umeshika au haukushika. Mimi ni prodyusa, kazi zangu nazifanyia mtaa wa Umoja, na jambo la kwanza ninaloliomba kwa kila kikosi ni kila mtu apewe ruhusa ya kuona. YouTube Studio inamwezesha mwenye chaneli kumwongeza mtu wa kutazama tu, asiyeweza kubadili chochote. Spotify for Artists nayo ina ruhusa kama hiyo. Minong'ono mingi huishia hapo.

Mkishafungua, msianze na jumla ya waliotazama. Jumla haimwambii mpiga besi afanye nini kesho. Tafuteni grafu inayoonyesha watazamaji wanabaki hadi sekunde ya ngapi, muicheze video huku mkiifuata wote.

Tulikuwa na wimbo wa benga, muziki wa Kenya unaoongozwa na gitaa, ambao mwimbaji alishikilia kuwa gitaa la mwanzoni ni refu mno. Mpiga gitaa naye akasema likikatwa, benga yenyewe haipo. Tulipoifungua grafu, mstari ulishuka kidogo mwanzoni, kama ilivyo kwa karibu kila video, kisha ukatulia muda wote wa lile gitaa. Ulikuja kuporomoka kwenye ubeti wa pili, ambako ngoma, besi na sauti vilikuwa vilevile vya ubeti wa kwanza. Halafu ukapanda karibu na mwisho, pale waimbaji wanaponyamaza na magitaa yanakimbia. Watu walikuwa wanarudisha nyuma wasikilize tena. Ubishi wa gitaa ukaisha wenyewe, tukabaki na swali ambalo hakuna aliyekuwa amelileta: ubeti wa pili tuufanyeje? Wimbo uliofuata, besi ilibadilisha njia hapo na waitikiaji wakaingia mapema.

Ila grafu huonyesha mahali, sababu haiitaji. Enzi za santuri, biashara ya muziki ilipokuwa barabara ya River Road hapa Nairobi, muuzaji alimwona mnunuzi usoni. Sisi inabidi tutoke tukaulize, tuucheze wimbo kwa watu na tuwatazame wanavyosikiliza. Na takwimu zisiingie chumbani wakati mtu anatunga. Spotify huhesabu usikilizaji baada ya sekunde 30, basi siku hizi kuna wanaotaka kila kitu kizuri kirundikwe ndani ya sekunde hizo. Sikubaliani nao kabisa. Tungeni kwanza, rekodini, hesabu zije baadaye.

Kuna data nyingine ambayo vikosi huidharau, nayo ni ya kikao chenyewe. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila mkirekodi, andikeni tarehe, mapigo kwa dakika, ufunguo wa wimbo, jina la faili, na nani alileta nini: melodia, mashairi, biti, lile gitaa la mwisho. Mgao wa asilimia mkubaliane na kutia sahihi kabla wimbo haujatoka, kwa sababu pesa ikishaonekana, kumbukumbu za watu hubadilika. Hakikisheni pia rekodi ina ISRC, ile alama ya kuitambulisha rekodi, yenye herufi na tarakimu ambazo jumla yake ni 12, na kwamba rimiksi imepata yake.

Karatasi hiyo ndiyo inayoonyesha nani ajisajili wapi kati ya mashirika ya Kenya ya kukusanya mirabaha. MCSK iliundwa kwa ajili ya watunzi na wachapishaji, KAMP kwa wenye rekodi, PRISK kwa waimbaji na wapiga vyombo. Anayesahaulika zaidi ni mpiga chombo aliyeitwa jioni moja tu, akalipwa taslimu na kuondoka. Jina lake kamili na alichopiga viandikwe kabla hajafunga gitaa lake.