Wasomaji Wanauliza: Flashmob ni nini, na neno hili limetoka wapi?

SWALI: Bwana Mhariri, Jumamosi moja nilikuwa nikingoja basi karibu na Poste, hapa Lubumbashi, kijana mmoja akaweka begi lake chini akaanza kuimba. Watu kama thelathini, ambao nilidhani ni abiria wenzangu, wakamwitikia kwa sauti nne, wakacheza, wakagawa vikaratasi vya tamasha la kwaya yao, kisha kila mmoja akashika njia yake. Polisi alikuwa pale akitazama tu. Mpwa wangu anasema hiyo ni flashmob. Mume wangu anashikilia kwamba "mob" ni pikipiki, na mimi nilidhani "flash" ni taa ya kupigia picha, kwa kuwa simu zilikuwa juu kila upande. Nani yuko sahihi, na je, jambo hili linaruhusiwa?
Msomaji, Kamalondo

JIBU: Mama, mumeo amepotoshwa na Kifaransa, ambacho hulifupisha jina la mobylette kuwa "mob". Neno lako ni la Kiingereza na maana yake ni kundi la watu, hasa lile la vurugu. Waingereza wa karne ya 17 walilikata kutoka maneno ya Kilatini mobile vulgus, yaani umma wenye kugeukageuka. "Flash" ni mmweko kama wa radi, kwa sababu kundi hilo hutokea na kutoweka ghafla; taa ya kamera haihusiki, ingawa kwa simu ulizoziona sikulaumu.

Aliyeanzisha mtindo wenyewe ni Bill Wasik, wakati huo mhariri wa jarida la Harper's la New York. Jaribio lake la kwanza, mwaka 2003, lilivunjika kwa sababu habari zilivuja na polisi wakawahi kufika dukani. Mwezi Juni mwaka huohuo akawa mwangalifu zaidi: watu walialikwa kwa barua pepe bila kuambiwa mahali penyewe, wakakusanyika kwanza katika baa mbalimbali, na huko ndiko walikopewa karatasi za maelekezo. Muda mfupi baadaye zaidi ya mia moja walikuwa wamezunguka zulia moja la bei kubwa katika ghorofa ya tisa ya duka la Macy's. Mwuzaji akiwauliza, walitakiwa kujibu kwamba wanaishi pamoja katika ghala moja nje ya mji na kwamba hawanunui kitu ila kwa shauri la wote. Baada ya dakika chache wakatawanyika. Hapakuwa na wimbo, wala ngoma, wala tangazo. Jina flashmob lilitolewa mwaka huohuo na Mmarekani mwingine, Sean Savage, na mwaka 2004 likaingia katika kamusi ya Oxford. Wasik mwenyewe hakujitambulisha hadharani hadi mwaka 2006.

Maneno hayo mawili yalikuwa yamewahi kukutana kabla yake: katika karne ya 19, kundi la wanawake wafungwa wakaidi huko Hobart, Australia, liliitwa vivyo hivyo, ila "flash" ya wakati huo ilihusu lugha na mitindo ya wezi.

Kucheza kulikuja baadaye, na biashara ikaja nako. Mwaka 2009 wachezaji wapatao 200 waliwashtua abiria katika kituo kikuu cha treni cha Antwerp, Ubelgiji, na lengo lilikuwa kutangaza kipindi cha televisheni. Kwa kipimo cha Wasik, kwaya yako, iliyofanya mazoezi na kugawa mialiko, iko karibu zaidi na Antwerp kuliko na lile zulia. Hata hivyo matumizi ya leo yanaikubali, na mimi sioni sababu ya kumkatalia mpwa wako.

Kuhusu ruhusa, ibara ya 26 ya Katiba yetu ya 2006 inawataka wanaoandaa maandamano au mkusanyiko wa hadhara barabarani au mahali pa wazi waiarifu kwa maandishi mamlaka ya utawala inayohusika. Kuarifu si kuomba kibali, na barua hiyo haiharibu chochote, kwa kuwa wanaotakiwa kushtuka ni wapita njia. Huenda wanakwaya hao waliiandika, na ndiyo maana polisi uliyemwona alibaki akitazama.