GParted na df kutoa namba tofauti

Mkuu, umeuliza kwa nini GParted (programu ya kugawa diski kwenye Linux) inaonyesha nafasi kubwa kuliko df (amri ya kuangalia nafasi ya diski): hakuna nafasi iliyopotea. GParted inakupa ukubwa wa patisheni (kipande cha diski) nzima. Df inaondoa kwanza sehemu ambayo ext4 (mfumo wa kupanga mafaili kwenye patisheni) imejichukulia kuhifadhi taarifa za mafaili, na kwenye nafasi iliyobaki haihesabu ile asilimia 5 ambayo kwa kawaida hutengewa root (msimamizi mkuu wa mfumo). Kupata ukubwa kamili wa ext4, andika: sudo dumpe2fs -h /dev/sda1 (weka patisheni yako), kisha zidisha Block count kwa Block size, utapata baiti.

Natengeneza kompyuta hapa Mwanjelwa, Mbeya, juzi tu mteja alidhani kauziwa diski feki: boksi GB 500, skrini 465. Ni sahihi, skrini inagawa kwa 1024, kiwanda kwa 1000. Ila usipunguze patisheni hadi kufikia namba ya df, utakata data!