Meseji imekuja kwa jina la benki yangu, nawezaje kujua ni ya matapeli?

SWALI: Nilipata meseji kuwa akaunti yangu inafungwa. Ilikuja kwa jina la benki yangu, palepale zinapoingia meseji zao za kila siku. Nikabonyeza kiungo, nikajaza nywila. Baadaye mtu akanipigia akitaka tarakimu sita nilizotumiwa, nikakataa. Sasa kuna jamaa mtandaoni anasema nikimlipa ada kidogo atamsaka tapeli. Nimwamini?

JIBU: Hapana, na nitamrudia. Ulivyokataa kutaja zile tarakimu umejiokoa. Piga benki sasa hivi kwa namba iliyo nyuma ya kadi yako, wazuie akaunti. Badilisha nywila, na kokote kwingine ulikoitumia hiyohiyo. Meseji usiifute. Piga picha ya skrini ionyeshe kiungo na saa, hifadhi na namba iliyokupigia, uwapelekee benki, kampuni ya simu na polisi.

Linalonichosha ni hili la "lakini ilikuja kwa jina la benki". Jina hilo huandikwa na mtumaji! Mifumo ya kutuma meseji kwa wingi humruhusu mteja kuweka herufi zisizozidi 11 mahali pa namba, na pasipo na uhakiki tapeli naye huweka jina analotaka. Simu yako haichunguzi chochote. Ikiona jina ni lilelile, inaipanga meseji ya uongo chini ya zile za kweli. Namba inayoonekana simu ikiita nayo hughushiwa. Barua pepe ndiyo usiseme: kanuni za kuisafirisha zilizoandikwa 1982 hazikumtaka mtumaji athibitishe kuwa ndiye, na ulinzi ulioongezwa baadaye si wote wanaoutumia.

Wapo pia wanaofundisha watu kutafuta makosa ya tahajia. Matapeli wa leo wanaandika vizuri kuliko baadhi ya benki. Tazama unachotakiwa kufanya: ukiharakishwa, ukitishwa, ukiombwa namba ya siri, kata simu.

Na huyo msakaji wako? Hujaibiwa hata senti, anakusakia nini? Orodha za watu waliowahi kunaswa huuzwa, na wanaozinunua ndio hawa "warejeshaji pesa". Ukilipa ada, kesho inazuka kodi, keshokutwa gharama ya kufungulia faili. Akikuambia upakue programu ya kumwezesha kuiongoza simu yako akiwa mbali, eti afuatilie, hapo ndipo pesa zitaondoka kweli.