Maswali ya Wasomaji: Tumtunuku Nani, na kwa Utaratibu Gani?

Toleo hili tumeliweka wazi kwa barua zinazohusu jambo moja, nalo ni namna ya kuwaenzi watu na vikundi vinavyoitumikia jamii.

SWALI: Kamati yetu imepewa jukumu la kuandaa tuzo ya kwanza kwa watu na vikundi vilivyoimarisha jamii yetu. Tumekusanya mapendekezo, lakini karibu majina yote ni ya viongozi na ya watu waliochangia fedha nyingi. Tunahisi kuna kasoro, ila hatujui ilianzia wapi. (Katibu wa kamati)

JIBU: Ndugu Katibu, bila shaka kasoro ilianzia kwenye swali mliloliuliza. Ukimwuliza mtu ni nani anayestahili tuzo, atakutajia jina alilolisikia mara nyingi, na majina yanayosikika mara nyingi ni ya wale wanaopewa kipaza sauti. Badala yake, waulizeni watu walimwendea nani walipofikwa na shida, au ni shughuli gani ingesimama iwapo mtu fulani angehama kesho. Maswali ya namna hiyo humleta mbele yule anayewapeleka wagonjwa kliniki, anayewasomesha jioni watoto wa wenzake, au anayesuluhisha migogoro ya majirani kabla haijafika mahakamani.

Pamoja na hilo, angalieni ni nani mnayemwuliza. Wanaojua thamani ya huduma ni wale walioipokea: wazee wanaoishi peke yao, wazazi wa watoto wenye ulemavu, wageni waliohamia karibuni na bado hawajui pa kuanzia. Wengi wao hawatajaza fomu, ama kwa sababu hawajazoea kuandika, ama kwa sababu tangazo lenu halikuwafikia. Wafuateni walipo, myapokee maelezo yao kwa mdomo, na mjumbe wa kamati ayaandike. Wahenga walisema kizuri chajiuza, lakini katika jambo hili mimi siwaungi mkono. Kazi nyingi nzuri hufichwa na ukimya wa wanaozifanya.

Mnaweza pia kuazima mambo mawili kutoka Tuzo ya Nobel ya Amani, ambako mtu haruhusiwi kujipendekeza mwenyewe, na majina ya waliopendekezwa hufungiwa kwa miaka 50. Miaka 50 ni mingi mno kwa tuzo ya mtaa, lakini usiri wenyewe unafaa, kwa kuwa huzuia kampeni na humwepusha na fedheha yule ambaye hakuchaguliwa. Msichopaswa kuazima ni utaratibu wake wa kuwaachia watu wa makundi maalumu, wakiwemo wabunge, mawaziri na maprofesa, haki ya kupendekeza, kwani huko ndiko mtakakorudia kosa mnalolilalamikia.

Waliotoa fedha washukuriwe kwa barua au katika taarifa ya mapato na matumizi. Wakichanganywa na watunukiwa, watu wataamini kuwa tuzo inanunuliwa.

SWALI: Kikundi chetu cha akina mama kimefanya kazi ya kuwatunza yatima kwa miaka mingi. Mwaka huu tuzo ilitolewa, lakini ilibeba jina la mwenyekiti wetu peke yake. Sasa kuna manung'uniko na baadhi ya wanachama hawahudhurii tena. Tufanye nini? (Mweka hazina)

JIBU: Poleni, Mama. Zungumzeni kwanza na mwenyekiti, tena faraghani, kwa sababu huenda naye hakuulizwa tuzo iandikwe jina la nani. Kisha aandike yeye mwenyewe kwa waandaaji, akiomba cheti kitolewe upya kwa jina la kikundi. Ombi hilo likitoka kwake litapokewa kama ungwana. Likitoka kwenu litaonekana ni wivu, hata kama mna haki.

Kwa waandaaji wanaosoma safu hii, mfano mzuri upo. Mwaka 2006 Tuzo ya Nobel ya Amani iligawanywa nusu kwa nusu kati ya Muhammad Yunus na Grameen Bank, benki ya Bangladesh aliyoiasisi ili kuwakopesha watu maskini, hivyo mwanzilishi akatambuliwa bila taasisi kufunikwa na kivuli chake. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu nayo imetunukiwa kama taasisi mara tatu, mwaka 1917, 1944 na 1963. Kabla ya kuandika jina la mtu mmoja, jiulizeni kama kazi ile ingeendelea iwapo angeugua mwaka mzima. Ikiwa ingeendelea, anayestahili ni kikundi, na wanachama wenyewe waamue ni nani watakaopanda jukwaani. Kama kuna fedha, ziingie kwenye akaunti ya kikundi, zisipitie mfuko wa mtu.

SWALI: Je, ni vema kutoa fedha, au cheti kinatosha? Wengine wanasema fedha huua moyo wa kujitolea. (Msomaji wa kila mwezi)

JIBU: Hofu hiyo ina msingi, ingawa mara nyingi hutumiwa kuhalalisha ubahili. Mwaka 1973 watafiti wa Marekani, Lepper, Greene na Nisbett, walichapisha jaribio lililohusu watoto wadogo waliokuwa wakipenda kuchora. Walioahidiwa cheti cha zawadi kabla ya kuchora walionekana baadaye kupungukiwa na hamu ya kuchora wakati wa kucheza, kuliko wenzao waliopewa cheti hicho kwa kushtukizwa na wale ambao hawakupewa chochote. Tambua kwamba zawadi yenyewe ilikuwa cheti, wala si fedha. Kilicholeta tofauti ni ahadi iliyotangulia kazi. Watoto si watu wazima wanaojitolea, kwa hiyo sitaki kulivuta jaribio hilo mbali kupita kiasi, lakini ningeepuka kutangaza zawadi kana kwamba ni mshahara wa kushindaniwa.

Kumrudishia mtu nauli na gharama za vifaa alivyovinunua kwa fedha zake ni haki yake, wala hakuhitaji kusubiri hafla. Kuhusu cheti, uzito wake umo katika maneno yaliyoandikwa. "Kwa mchango wake katika maendeleo" ni maneno yanayomfaa yeyote, kwa hiyo hayamfai mtu. Andikeni alifanya nini, kwa ajili ya nani na tangu lini.

SWALI: Tunaruhusiwa kumtunuku mtu aliyekwisha kufariki?

JIBU: Mnaruhusiwa, maana kanuni ni zenu. Kanuni za Nobel tangu mwaka 1974 zinakataza, isipokuwa mtu akifa baada ya kutangazwa, lakini Dag Hammarskjöld, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, alitunukiwa mwaka 1961 akiwa amekwisha fariki. Ombeni idhini ya familia, na muiweke heshima hiyo katika fungu lake ili isichukue nafasi ya walio hai.

SWALI: Mama mmoja tuliyemchagua amekataa kupanda jukwaani wala kupigwa picha. Tumbembeleze? (Mjumbe wa kamati)

JIBU: Hapana, msimbembeleze. Wapo wanaokataa kwa haya tu, lakini wapo pia ambao kazi yao huharibika ikitangazwa. Anayewahifadhi wanawake waliokimbia vipigo, kwa mfano, akionyeshwa hadharani huenda akawa amewaelekeza watesaji mlangoni kwake. Ndiyo maana kila mtunukiwa anapaswa kuulizwa mapema kama anakubali tuzo, na kama anakubali, ni mambo gani yake yanayoweza kusemwa hadharani. Huyo mama mwandikieni barua yenye sahihi za wajumbe wote, mmpelekee wakati anaoutaka yeye, na katika orodha ya hafla msiache pengo litakalowafanya watu waanze kuuliza ni nani aliyekosekana.