Muuaji asiye kwenye kumbukumbu za polisi hupatikanaje?

SWALI: Ndugu Mhariri, nilisoma habari za muuaji wa Marekani aliyekamatwa zaidi ya miaka 30 baada ya mauaji yake ya mwisho, ilhali polisi hawakuwa na vinasaba vyake katika kumbukumbu zao. Walivilinganisha na vya nani? Na je, sampuli ya siku nyingi kiasi hicho haiozi?

JIBU: Nianze na kuoza. DNA huharibiwa na unyevu, joto na jua, lakini ikikaushwa na kuwekwa mahali penye baridi hudumu miaka mingi. Ndiyo maana nguo yenye damu hufungwa katika mfuko wa karatasi, kwa kuwa plastiki hubana unyevu ndani. Kinachokwamisha kesi za zamani mara nyingi ni uzembe wa ghala la vielelezo kuliko umri wa sampuli.

Unayemzungumzia, nadhani, ni Joseph James DeAngelo, aliyewahi kuwa polisi, ambaye alitiwa mbaroni California Aprili 2018. Vinasaba vilivyoachwa kwenye matukio vililinganishwa na vya jamaa zake wa mbali. Kumbukumbu za polisi wa Marekani husoma sehemu 20 hivi tu za DNA, ambazo zinatosha kuonyesha kwamba sampuli mbili ni za mtu mmoja, lakini hazimfikii binamu wa vizazi vitatu au vinne. Kwa hiyo sampuli ilisomwa upya katika sehemu mamia ya maelfu, ikapandishwa kwenye GEDmatch, tovuti ambako watu hutafuta ndugu zao kwa vinasaba.

Majibu yaliyorudi yalikuwa ya watu waliochangia mababu na mhusika, basi. Iliyobaki ilikuwa kazi ya makaratasi: vyeti vya kuzaliwa, ndoa na matangazo ya vifo, ukoo ukishushwa tawi kwa tawi hadi kwa wanaume wenye umri unaofaa walioishi karibu na matukio. Njia hii hukosea pia. Mwaka 2017, wapelelezi wa kesi hiyohiyo walimfuata mzee mmoja wa Oregon aliyekuwa katika makao ya wazee, wakampima, ikabainika kuwa siye. Kwa DeAngelo, walipangusa kitasa cha mlango wa gari lake, kisha wakaokota karatasi laini aliyoitupa kwenye taka, na vyote viwili vikalingana na sampuli ya zamani. Alikiri mauaji 13 mahakamani Juni 2020.