Kapteni wa Leo, E-6 wa Pensheni: Hesabu Cheo Chako Kabla Hujaomba Kustaafu

Wiki jana nimepigiwa simu na kapteni mmoja wa Jeshi la Marekani, kijana wa Kericho niliyempokea mwenyewe uwanja wa ndege alipoletwa kikosini kwetu akiwa E-3 (E ni ngazi za askari wasio maafisa) na begi moja mgongoni. Sauti imejaa furaha. Miaka 20 ya utumishi inatimia, ombi la kustaafu ameshaliandaa, anataka tu nilipitie kabla hajalituma. Nikamuuliza, "Kamisheni yako, yaani uafisa wako, ina miaka mingapi?" Akajibu, "Kumi, Mzee. Kumi na ushee."

Nilikuwa naendesha. Nikaegesha gari kando ya barabara.

Hiyo "kumi na ushee" naijua vizuri. Nimekuwa 42A, karani wa rekodi za askari, tangu siku ya kwanza hadi nikastaafu nikiwa E-8, na sehemu kubwa ya maisha hayo nimeyamaliza nyuma ya meza ya S1, ofisi ya rekodi za kikosi. Huyu ni wa nne kunipigia na hesabu ileile ndani ya mwaka mmoja. Na kuna kundi kubwa linakuja: nyinyi mlioingia kupitia MAVNI, ule mpango wa kuandikisha wageni wenye lugha au ujuzi adimu, kuanzia 2009, Kiswahili kilipokuwa kwenye orodha ya lugha ambazo Jeshi la Marekani lilizihitaji. Wa kwanza wenu wanatimiza 20 mwaka 2029. Wengi mlianza kama askari wa kawaida, mkapata uraia, mkaenda OCS, shule ya maafisa. Nyinyi hasa ndio ninaowaandikia, wadogo zangu. Nawapenda, lakini mnajua tarehe ya mechi ya Gor na Ingwe kuliko tarehe ya kiapo chenu.

1. Cheo cha kustaafu ni kitu kimoja, hela ya kustaafu ni kitu kingine. Cheo ndicho kinachoandikwa kwenye kitambulisho chako na kwenye orodha ya wastaafu. Hela, kwa wengi wenu, inatokana na High-3, yaani wastani wa miezi 36 yenye mshahara wa msingi mkubwa kuliko yote, mara asilimia 2.5 kwa kila mwaka. Miaka 20 ni nusu ya wastani huo. Mlio kwenye BRS, mfumo mpya wa pensheni, yaani wote walioingia kuanzia 1 Januari 2018 na wale waliochagua kuhamia, ni asilimia 2, kwa hiyo miaka 20 ni 40 kwa mia. Sasa sikiliza: ukipandishwa E-8 ukastaafu baada ya miezi 12, kitambulisho kitasema E-8, lakini wastani wako ni miezi 12 ya E-8 na 24 ya E-7. Nimeona watu wazima wakigombana na karani juu ya jambo hili, wakidhani wameibiwa. Hakuna aliyewaibia. Walipiga hesabu kwa mshahara wa mwezi wa mwisho.

2. Miaka 10 ya kamisheni ni miaka 10 kamili, ya utumishi wa active (kazi ya jeshi ya muda wote), kuanzia siku ya kiapo. Kifungu cha 7311 cha Juzuu ya 10 ya sheria za Marekani kinasema ili ustaafu kama afisa uwe na miaka 20 ya utumishi, na angalau 10 kati yake uwe umeitumikia active ukiwa na kamisheni. Zilipita nyakati ambapo Waziri aliruhusu ishuke hadi 8. Usiupangie maisha mlango ambao si wewe mwenye ufunguo wake.

Hapa ndipo nina deni la kusimulia.

Kipindi hicho kifungu kiliitwa 3911, nami nilikuwa E-6 niliyejiamini sana. Akaja ofisini kapteni mmoja Mmarekani wa Alabama, mtu mpole, miaka kumi ya kwanza ya jeshi lake aliimaliza kama askari hadi E-6 kabla ya kwenda OCS. Watu wa kikosi walimpenda kwa sababu alijua kubeba mzigo kabla hajaamuru mwingine aubebe. Akaniambia anataka kutoka 1 Juni. Kuna kazi ya kiraia inamngoja jimbo jingine, shule za watoto zimeshapatikana. Akaniuliza swali moja tu: "Sajini, miaka yangu ya uafisa inatosha?"

Nikafungua rekodi yake, nikaona tarehe ya mwezi Mei, miaka kumi nyuma. Nikahesabu kwa vidole. Nikamwambia, "Inatosha, Afande." Sikufungua DA 71. Fomu hiyo ya kiapo cha uafisa ilikuwa ndani ya iPERMS, hifadhi ya rekodi ya kwenye kompyuta, inafunguka kwa kubofya mara mbili, nami sikuifungua, maana ofisi ilikuwa imejaa watu na mimi nilikuwa nimezoea kusifiwa kwa kasi yangu.

Ile tarehe ya Mei ilikuwa siku aliyoripoti OCS. OCS ni wiki 12. Katika wiki hizo hujawa afisa bado. Ni mwanafunzi mwenye mshahara wa askari. Kiapo chake kilikuwa katikati ya Agosti. Maana yake 1 Juni angekuwa na miaka 9 na miezi 9 na siku kadhaa. Kwa kuwa kustaafu huanza tarehe mosi ya mwezi, siku yake ya mapema kabisa ilikuwa 1 Septemba.

Karatasi zikapita. Zilipita kwenye meza yangu, zikapita na kwenye meza nyingine, kila mmoja akiamini kwamba aliyetangulia amehakiki. Amri ya kustaafu ikatoka. Kapteni akaagwa, akapewa ile sanduku ya kioo yenye bendera, akaanza likizo yake ya mwisho. Mke na watoto wakatangulia na gari la mizigo. Ndipo mama mmoja raia aliyekuwa akikagua mafaili ya malipo akanipigia simu na swali fupi: "Hii tarehe ni ya kiapo au ya kuripoti shule?"

Niliifungua DA 71 nikiwa bado nimeshika simu. Mikono ilikuwa baridi.

Sikutaka kumwambia kwa simu. Nikaenda nyumbani kwake jioni ile. Nyumba tupu, godoro la kupiga kambi sakafuni, kiti kimoja. Akanipa kile kiti, yeye akakaa chini. Nikamweleza. Akauliza, "Kwa hiyo nikitoka 1 Juni natoka na cheo gani?" Nikamwambia itabidi arudi kwenye uaskari ili astaafu, atoke E-6. Akauliza kuhusu hela. Hilo ndilo lilikuwa gumu kulitamka kuliko yote, kwa sababu sheria, kifungu cha 1407, inasema askari anayestaafu kabla ya miaka 30 wastani wake wa miezi 36 unachukua miezi ya uaskari peke yake. Miaka yote ya O-3E, mshahara wa kapteni aliyewahi kuwa askari, haiingii. Wastani wake ungetoka kwenye jedwali la mishahara la miaka kumi iliyopita, mshahara wa kijana aliyekuwa bado hajaenda OCS.

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Niliwaambia watoto nitawafuata Jumamosi."

Ile amri ikafutwa, ombi likaandikwa upya. Akarudi kikosini kwenye meza ambayo mtu mwingine alishakalia, akatumika hadi 31 Agosti. Ile kampuni haikumngoja. Akastaafu kapteni, ndiyo, lakini majira yote ya joto alikuwa mbali na familia kwa sababu mimi sikufungua karatasi moja. Sikupewa adhabu yoyote. Kamanda alisema ni kosa la mfumo. Si kweli, lilikuwa langu, na kila nikiona neno "Mei" kwenye faili la mtu aliyepitia OCS bado moyo unaruka.

Basi mkiniona nawafokea juu ya tarehe, mjue nafokea kutokea kwenye nyumba ile tupu. Kamisheni inahesabiwa kutoka kwenye kiapo. Miezi ya shule haimo. Wikendi za Guard (jeshi la akiba la jimbo) ukiwa luteni hazikupi mwaka wa active. Ukitangulia Guard kisha ukaingia active, kaa chini uhesabu siku za active moja moja.

3. Muda wa afisa kwenye cheo. Hadi meja, miezi 6 kwenye cheo inatosha kustaafu nacho. Kuanzia luteni kanali kwenda juu ni miaka 3, ingawa inaweza kupunguzwa kwa kibali. Usipande luteni kanali Januari ukaomba kutoka Desemba halafu ulie kwamba umerudishwa umeja. Hili haliwahusu wadogo peke yao. Jenerali Stanley McChrystal alipata nyota ya nne 2009, akaondolewa Afghanistan Juni 2010, hata miaka 3 hakuwa nayo. Ilibidi Ikulu iridhie ndipo astaafu na nyota nne. Na Jenerali William Ward, kamanda wa kwanza wa AFRICOM, kamandi ya Marekani ya Afrika, ambaye wengine wenu mnamkumbuka kwa ziara zake nyumbani Afrika, alistaafu 2012 na nyota tatu baada ya uchunguzi wa matumizi yake, akaamriwa arudishe dola 82,000. Muda pekee haukupi cheo. Sheria inataka uwe umekitumikia kwa kuridhisha, na neno hilo "kuridhisha" lina bodi yake.

4. Bodi hiyo ya Jeshi inayoamua cheo cha kustaafu ni AGDRB, na mwongozo wake ni AR 15-80. Askari uliyeshushwa kwa Article 15 (adhabu ya kamanda bila mahakama) au mahakama ya kijeshi, kile cheo ulichopoteza huhesabiwi kuwa ulikitumikia kwa kuridhisha. Kuna jambo la pili ambalo vijana hawalijui: ukishushwa hivyo na usipande tena kabla ya kustaafu, unapoteza High-3 yenyewe, hela inakokotolewa kwa mshahara wa mwisho wa cheo cha chini. E-6 anayeshushwa E-5 akiwa na miaka 18 anaumia kila mwezi hadi kaburini. Nimemzika mmoja aliyekuwa hivyo, mtu wa Morogoro, fundi mzuri wa magari kuliko wote niliowajua, kosa la usiku mmoja wa pombe na funguo za gari. Hadi mwisho mkewe alikuwa akiniuliza kama barua nyingine ingesaidia. Tuliandika tatu. Ukinywa, nipigie simu. Saa yoyote. Namba yangu mnayo.

5. Miaka 30. Askari aliyestaafu kabla ya 30, muda wa utumishi ukijumlishwa na muda wa kukaa kwenye orodha ya wastaafu ukafika 30, anaweza kupandishwa hadi cheo cha juu kabisa alichokitumikia active kwa kuridhisha, na hela inakokotolewa upya. Kwa hiyo hata yule anayelazimika kutoka E-6 baada ya kuwa kapteni, ukapteni wake haujafutika. Umelala miaka kumi. Kuna wazee hapa mjini ambao 30 yao ilipita na hawakujua kuulizia. Mmoja nilimkuta kwenye harusi, nikamtoa kwenye meza ya pilau, tukaenda kukaa ndani ya gari lake kuangalia DD 214, cheti chake cha kutoka jeshini, aliyoitunza chini ya kiti.

6. Kwenye DD 214 soma kisanduku cha 4 (cheo), cha 12 (tarehe za utumishi) na cha 18 (maelezo) kabla ya kusaini. Cheo cha orodha ya wastaafu kinaandikwa cha 18.

7. Weka nakala ya DA 71 na kila amri ya kupanda cheo nyumbani kwako. Mifumo inabadilika. Jeshi limehamia IPPS-A, mfumo mpya wa rekodi na mishahara, na tarehe zilizohamishwa na mashine huhamia na makosa yake.

Yule kijana wa Kericho nilimwambia asikate simu. Nikamngoja pale kando ya barabara hadi akafungua iPERMS, akaisoma DA 71 kwa sauti, siku, mwezi, mwaka. Tukahesabu pamoja mara mbili, mimi kwa vidole, yeye kwa kalenda. Miaka tisa, miezi minane, siku kumi na moja. Akanyamaza, kisha akasema atampigia mkewe amwambie kuwa nyumba wasiiuze kwanza.