Barua kwa mwanangu: Freddie Mercury hakufa na deni

Mwanangu Koku,

Ujumbe wako nimeupata. Unasema mwenzako kazini hapo Birmingham ameshikilia kwamba Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, alikufa na deni la watu. Alijijua ni shoga, alijijua ana UKIMWI, jina alikuwa nalo, pesa alikuwa nazo, na bado akakaa kimya hadi siku moja kabla ya kufa. Ulipokosa la kumjibu ukanikumbuka mimi, kwa kuwa miaka hiyohiyo nilikuwa wodini Bukoba nikiwauguza wenye ugonjwa huo. Kisha ukalipanua swali: je, mtu maarufu aliye shoga ana wajibu wa kujitangaza?

Nakujibu hapana. Sasa tulia nikueleze, maana "hapana" tupu haijawahi kukutosha tangu ulipoanza kuongea.

Huyo Freddie mnamjadili kama vile alizaliwa juzi. Alizaliwa Unguja mwaka 1946, jina lake Farrokh Bulsara, mtoto wa Waparsi. Baba yake alikuwa mtunza fedha wa serikali ya kikoloni. Alisomeshwa bweni India, na mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, familia ikahamia Uingereza. Kijana wa miaka 17 anatua katika nchi ambayo mwanamume kulala na mwanamume mwenzake ni jela. Sheria hiyo ililegezwa mwaka 1967, tena kwa England na Wales tu, tena kwa waliotimiza miaka 21. Mwaka 1988 Bunge la hukohuko lilipitisha kifungu cha kuzikataza halmashauri "kuhamasisha" ushoga. Alipoanza kudhoofu, waandishi wa magazeti ya udaku walipiga kambi nje ya geti lake Kensington wakiwinda picha ya mashavu yaliyobonyea. Wazazi wake wote wawili walikuwa hai. Tangazo la tarehe 23 Novemba 1991 lilisema ana UKIMWI, na kwamba alinyamaza ili kulinda faragha ya watu wake. Kesho yake akafa, ana miaka 45. Habari za nani alikuwa mpenzi wake hazikuwamo kabisa.

Na huku nyumbani je? Mwaka 2006 palipangwa sherehe ya ufukweni Unguja kuadhimisha miaka 60 tangu azaliwe. Jumuiya ya Uamsho, ile ya Kiislamu ya Zanzibar, ikaja juu kwamba mtu huyo si wa kusherehekewa Zanzibar, na sherehe ikafutwa. Miaka 15 tangu afe, na bado hajasamehewa. (Leo kuna jumba la makumbusho lake pale Shangani, na watalii wanalipa kiingilio. Pesa ya mtalii haiulizi mengi.)

Sasa nikupeleke wodini, maana huko ndiko ninakokujua. Wagonjwa wa kwanza Tanzania waligunduliwa kwetu Kagera, mwaka 1983. Watu waliuita ugonjwa Juliana, kwa jina la nguo zilizokuwa zikiletwa kwa biashara kutoka Uganda. Faili la mgonjwa lilining'inia miguuni mwa kitanda, na kila ndugu aliyeleta chakula alilifunua. Kwa hiyo hatukuandika UKIMWI. Tuliandika ISS, herufi tatu tu. Baada ya muda ndugu nao wakazijua hizo herufi, tukaanza kuyafungia mafaili kwenye kabati la sista wa zamu.

Nawakumbuka wanaume wawili, vitanda jirani. Mmoja alikuwa karani wa chama cha ushirika. Alitaka kila anayeuliza aambiwe ni kifua kikuu, nasi tukasema kifua kikuu. Kaka yake alikuja kila jioni na bakuli la ndizi, wakazungumza bei ya kahawa, na wote wawili walikuwa wanajua. Jioni moja mgonjwa akamwambia mwenyewe. Kaka mtu akajibu, "Najua," akachota kijiko kingine. Yule wa pili hakupata nafasi hiyo. Mhudumu mmoja alitoa habari zake kilabuni, na wiki haikuisha mwenye nyumba alikuwa ameshatoa godoro lake nje na mke amerudi kwao. Ugonjwa uleule, vidonge vilevile visivyosaidia. Kazi yote iliyobaki ilifanywa na mdomo wa mtu mwingine.

Mwenzako angekuwa mjanja angenitajia Philly Lutaaya. Basi nimsaidie mimi, maana hoja yake bora ndiyo hiyo. Lutaaya alikuwa mwanamuziki wa Uganda aliyeishi Sweden. Mwaka 1989 alirudi Kampala na kutamka mbele ya watu kuwa ana UKIMWI, wakati hakuna mtu mwenye jina kubwa nchini humo aliyewahi kutamka hivyo. Wengine walisema amelipwa. Alizunguka mashuleni na makanisani huku anakonda machoni pa watu, na Desemba mwaka huohuo akafa. Habari zake zilitufikia sisi wa ng'ambo ya mpaka, na nilianza kusikia wagonjwa wakiuliza kwa sauti maswali waliyokuwa wakiyameza. Kwa hiyo sibishi: mtu maarufu akifungua kinywa, anawafungulia wengi.

Lakini angalia alikuwa amesimama wapi. Serikali ya Museveni ilikuwa imeamua kuusema ugonjwa hadharani. TASO, shirika la kuwasaidia wenye UKIMWI, ilikuwa imeanzishwa mwaka 1987, kwa hiyo aliyesikia hotuba na kuogopa alikuwa na mahali pa kwenda. Kuumwa halikuwa kosa la jinai. Na kubwa kuliko yote, hakuna aliyemburuta. Wanafunzi walimsikiliza kwa sababu walimwona mtu aliyeamua. Angeletwa pale kwa kuumbuliwa, wangemtazama kama wanavyomtazama aliyefumaniwa, na ujumbe usingepita.

Mlinganishe na msanii wa Kampala leo. Sheria ya mwaka 2023 inamwekea kifungo cha maisha, na kwa makosa inayoyahesabu kuwa mazito zaidi, kifo. Kwetu Tanzania Kanuni ya Adhabu inasema miaka 30 hadi maisha. Mwaka 2018 mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam aliwaomba wananchi wapeleke majina. Serikali ikasema hayo ni mawazo yake binafsi, lakini kuna watu walikuwa wameshahama nyumba zao. Kumwambia mtu wa hivyo "jitangaze, una wajibu" ni kumtuma polisi akatoe maelezo dhidi yake mwenyewe. Anayemtuma yuko Birmingham, anakunywa chai.

Na ukikubali kwamba ni wajibu, jiulize nani atakuwa msimamizi wa wajibu huo. Maana deni lolote likishakuwa deni, wanajitokeza wa kulikusanya. Uganda walijitokeza Oktoba 2010: gazeti moja dogo la Kampala lililojiita Rolling Stone lilichapa picha, majina na makazi ya watu liliodai ni mashoga, na ukurasa wa mbele likaandika wanyongwe. David Kato alikuwa mmoja wao. Alikwenda mahakamani na wenzake, wakashinda kesi mapema Januari 2011, na kabla mwezi haujaisha akauawa kwa kupigwa nyumbani kwake. Mtu mmoja alifungwa kwa mauaji hayo, na sababu yake inabishaniwa hadi leo. Ninachojua ni kwamba wanaokusanya madeni ya namna hii mara nyingi si marafiki wa mdaiwa.

Unasema: lakini maarufu ana pesa, ana walinzi. Nikutajie Justin Fashanu. Mtoto wa baba Mnigeria, akalelewa na familia ya walezi wa Kizungu huko Norfolk. Goli lake la Norwich dhidi ya Liverpool mwaka 1980 bado linaoneshwa, na mwaka 1981 Nottingham Forest walimnunua kwa pauni milioni moja; hakuna mchezaji mweusi Uingereza aliyekuwa amefikia bei hiyo. Oktoba 1990 alijitangaza katika gazeti la The Sun. Ndugu yake wa damu, naye mchezaji maarufu, akamkana gazetini. Sisemi kujitangaza ndiko kulikomuua. Alipojiua mwaka 1998 alikuwa anakabiliwa na tuhuma za jinai Marekani, na maisha yake yalikuwa yamevurugika kwa mengi. Nasema wachezaji wengine walitazama yote yaliyompata wakafunga midomo. Baada yake hakuna mwanasoka wa kiume wa kulipwa Uingereza aliyejitangaza akiwa bado uwanjani mpaka Jake Daniels wa Blackpool, Mei 2022. Zaidi ya miaka 31. Pauni milioni moja haikumnunulia Justin ndugu.

Siku hizi hata maadui hawahitajiki, mashabiki wanatosha. Kit Connor, kijana mwigizaji wa Kiingereza, aliigiza kijana anayempenda kijana mwenzake kwenye tamthilia ya Netflix. Watu mtandaoni wakamwandama: kama wewe si mmoja wao, kwa nini unaigiza? Oktoba 2022, akiwa na miaka 18, aliandika kwamba anapenda jinsia zote mbili, akawapongeza kwa kejeli kwa kumlazimisha, akaondoka zake. Waliomfanyia hivyo wanajiita watetezi. Hapo ndipo neno "wajibu" linaponichosha.

Najua hoja ya wajibu imetoka wapi, na haikuanza kwa ubaya. Harvey Milk, diwani wa San Francisco, mwaka 1978 alipambana na pendekezo la kuwafukuza walimu mashoga katika shule za California. Aliwasihi watu wake wajitokeze, na Novemba pendekezo lilianguka kwenye kura. Aliuawa mwezi huohuo. Lakini soma alichokuwa anakiomba: uwaambie wazazi wako, jirani yako, unaofanya nao kazi. Hakuwa anawasubiri nyota wa Hollywood. Alijua kwamba mpiga kura habadilishwi na mtu wa kwenye televisheni bali na fundi anayemtengenezea gari. Miaka saba baadaye ikatangazwa kwamba Rock Hudson, nyota wa filamu wa Marekani, ana UKIMWI, akiwa hoi hospitalini Paris, dunia ikashtuka kweli, pesa za utafiti zikaanza kuongelewa, na bado magazeti yalishinda yakichambua nani alimbusu kwenye tamthilia ya televisheni.

Kuna mmoja tu ninayekubali avuliwe shuka: anayewapiga wengine kwa fimbo ambayo yeye mwenyewe ameikwepa. Ted Haggard, mchungaji wa Colorado na kiongozi wa umoja wa makanisa ya kiinjili Marekani, alikuwa akihubiri dhidi ya ndoa za jinsia moja huku akimlipa mwanamume. Mwanamume huyo akamtaja Novemba 2006, siku chache kabla ya kura kuhusu ndoa hizo. Sikumwonea huruma. Hapo kilichoanikwa ni undumilakuwili wa mtu mwenye madaraka. Wewe lakini uwe mwangalifu na mlango huu, maana hata mhariri wa lile gazeti la Kampala alisema anailinda jamii. Usipoonesha ni nani aliyekuwa akiumizwa na mtu huyo, funga mdomo.

Kanisani kwetu msimamo unaujua, na mimi na kanisa langu tuna mazungumzo yetu ya muda mrefu ambayo hukuyauliza, kwa hiyo nayapita.

Binyavanga Wainaina ndiye aliyenisumbua. Mwandishi Mkenya, Januari 2014, Nigeria imetoka tu kusaini sheria yake dhidi ya mashoga, naye anatimiza miaka 43, akaandika makala ya kumwambia mama yake kwamba yeye ni shoga. Mama alikuwa amefariki mwaka 2000. Alijitangaza kwa hiari, akijua anachofanya, na kazi yake ilikuwa maneno. Sina la kumlaumu. Alifariki Mei 2019, na siku tatu baadaye Mahakama Kuu ya Kenya ikakataa kuvifuta vifungu vya sheria vinavyoharamisha ngono ya jinsia moja. Lakini nilipoisoma ile makala nilimfikiria mama yule kuliko nilivyomfikiria mwandishi. Dunia nzima ilijua, isipokuwa yeye. Hata hivyo siwezi kusema alidaiwa. Mzazi hana hati ya kumdai mwanawe siri. Kutamani kuambiwa, hilo ni jingine, na halizuiliki. Wewe hukusema kama swali ni la mwenzako tu, nami sikuulizi. Ila ukiwa na lako lolote siku yoyote, nikute nimelisikia kwako kabla ya Facebook, basi.

Baba yako nimemsomea barua hii na hakubaliani nami kuhusu Haggard. Anasema kama mchungaji anaanikwa kwa ajili ya undumilakuwili, basi na mwanasoka anayechukua pesa za matangazo akijionesha na mke wa maonyesho naye anaanikwa, maana anawauzia watu uongo. Nimemwambia uongo wa kuuza viatu haumfungi mtu jela. Anasema hilo si jibu. Mpigie Jumapili mchana mbishane wenyewe, mimi nitakuwa kwenye mazoezi ya kwaya.

Mama yako